Nimeiongezea Pikipiki Taa Nyingine

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na umpe shemeji zake kabla hajaanza kulalamika kwamba namsahau. Goti lako linaendeleaje? Bado unapanda ngazi kwa kusimama katikati na kuilaani nyumba? Wapwa zangu wasalimie wote, hata yule aliyenikatia simu. Mimi huku kazi inakwenda, mikate inaiva, na mimi ndiye niliyekuwa nikiisambaza madukani kabla watu hawajapiga mswaki.

Uliniuliza habari za pikipiki. Ipo, haijafa. Uliponiambia niwape wanunuzi wa vyuma chakavu nilikujibu kwamba ya kale ni dhahabu, ukacheka mpaka ukakohoa.

Shida yake ilikuwa taa. Alfajiri nikitoka na kreti za mikate, barabara naiona kijivu tupu. Pikipiki za zamani zina tabia hiyo, ukipunguza mwendo na taa nayo inafifia, kwa hiyo sikushangaa. Nikaipeleka kwa Fundi Shoti, fundi umeme wa magari jirani na kiwanda chetu. Jina hilo alipewa na wenzake, maana kila anachokigusa hutoa cheche kwanza ndipo kinapona. Akabadilisha balbu. Nikamrudia, nikamwambia bado giza. Akatoa kioo cha taa kilichokuwa kimeingia umanjano, akaweka kipya. Bado. Akavuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, ili umeme usipotelee njiani kwenye waya zilizochoka. Nikasema bado. Akanung'unika kwamba mimi ni mteja wa kumtoa mtu roho, lakini akafunga taa mbili zaidi, nyeupe pe, kwenye vyuma vinavyokinga injini.

Basi dada, hapo nikajiona mtu! Madereva wanaokuja mbele yangu wakaanza kuniwashia na kunizimia taa, wengine wanapiga honi. Nikajua pikipiki imewakosha, wananisalimu. Nami nikawa nawajibu kwa honi, pii pii, huku natabasamu peke yangu. Usinicheke. Ukishinda siku nzima husemeshwi neno ila kuulizwa mikate mingapi, hata honi unaipokea kama hujambo. Kuna siku nilitoka mapema makusudi ili nikutane nao wengi.

Juzi juzi mwenye baiskeli mmoja akaingia mtaroni mbele yangu. Nikasimama kumnyanyua. Hakuumia ila kiwiko, lakini maneno aliyonirushia siwezi kukuandikia, wewe ni mkubwa wangu. Alisema nimemtia upofu, kwamba namulika watu kama natafuta mwizi, na kwamba barabara nzima inanilaani kila alfajiri. Nilibaki nimeishika baiskeli yake. Kumbe wale wote walikuwa wakinitukana, na mimi naitikia.

Nikaenda kwa Shoti na hasira zangu. Nikamwambia nimeitwa mtia watu upofu, ilhali mimi mwenyewe sioni taa zake zikimulika cha maana. Shoti akaweka zana zake chini. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Akanikalisha juu ya pikipiki, akawasha taa zote, akaniambia nitazame ukuta wa mbele na nisigeuze shingo. Nikatazama. Nikangoja wee, mwishowe nikamuuliza ameenda wapi. Akanijibu kwamba hajaenda popote, amesimama ubavuni pangu, kidole amekiweka karibu na sikio langu, na ukuta ule unang'aa kama mchana. Kisha akaniuliza, kwa upole ambao sikuutaka, kama nyumbani hakuna mtu aliyewahi kuniambia.

Hakuna mtu nyumbani, dada. Hili ndilo nililotaka kukuambia tangu nilipoishika kalamu, nikawa nazunguka mbuyu. Wale marafiki ninaokuandikia kila mara, wanaonijazia chumba mpaka nakosa pa kulala, hawapo. Niliwatunga ili uache kunihurumia na kuniambia nirudi. Angekuwepo hata mmoja wao, angeniona ninavyojigonga na fremu ya mlango na ninavyomimina chai nje ya kikombe, akaniambia, we bwana, hebu angalia macho hayo. Mimi nilikuwa nahangaika na balbu.

Daktari wa macho anasema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki ni cha katikati tu, kama ninachungulia kwenye tundu la ufunguo, na hicho atajaribu kukilinda kwa dawa ya matone. Pikipiki amenikataza. Nilibishana naye, unanijua, lakini niliposimama kutoka nikampiga kikumbo mgonjwa aliyeketi kando ya mlango, ubishi ukaniishia hapo hapo. Mwenye kiwanda naye ameshapata mtu mwingine wa kusambaza mikate.

Uliwahi kuniambia kwamba kile chumba cha nyuma kiko wazi. Kama bado kiko wazi, dada, njoo unichukue. Naona aibu kuandika haya, lakini naogopa. Naogopa sana kubaki humu ndani peke yangu.

Wasalimie jirani zako, na shemeji mwambie asihangaike kupanga chumba, mzigo wangu ni begi moja na maneno mengi. Siku utakayokuja nitakusubiri nje ya geti. Usinipungie mkono ukiwa ng'ambo ya barabara, sitakuona, nawe utadhani nimekununia. Niite kwa sauti, kwa lile jina ulilonipa tulipokuwa wadogo. Huku hakuna anayelijua, kwa hiyo nikilisikia nitajua ni wewe.

Mdogo wako,
Mbishi