Mahali pa Bibi Kwenye Boti

Baba, chai iko kwenye chupa, na dagaa nimewafunika kabla paka hajakuwahi.

Kuhusu zile boti mbili kuukuu unazokwenda kuchagua leo: ~~chukua ya faiba, ina mbio~~. Hapana, chukua ya mbao.

Asubuhi Bibi mzaa Mama amesema tukienda kutembea kisiwani Rukuba yeye atabaki kulinda kuku. Kuku wenyewe wawili. Nilipombana akasema, "Nitakaaje goti kwa goti na mkwe wangu?"

Ya faiba viti vinatazamana. Ya mbao inatembea kama kobe, ila ina benchi la nyuma. Wewe ukae mbele, usigeuke.

Kila tukitoka anatufungiaga viazi, halafu anabaki mlangoni. Safari hii viazi viende na mwenyewe.

Kitindamimba wako