Kamba ya Mguu wa Meza

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikaweka kalamu chini, nikikupa nafasi ya kuitikia. Mazoea haya yatanimaliza. Juzi nilimimina uji vikombe viwili, nikasimama mlangoni kwako na kikombe chako mkononi, ndipo nikakumbuka. Niliunywa mimi ule uji, wote, hapohapo niliposimama, machozi yakiniingia mdomoni.

Nakuandikia kwa sababu ya Manamba. Najua utacheka. Mwanao Zubeda, aliyekuwa akikuambia kila siku kwamba ama ataondoka huyo paka ama ataondoka yeye, leo amekaa kumwandikia marehemu habari za paka. Cheka tu, Baba. Ila usinisamehe kabla hujafika mwisho.

Nianze na habari za nyumbani. Hitima ya arobaini tulisoma. Wazee wenzako wa kiwandani Ngombezi walikuja, wale wachache waliobaki, wakakaa barazani wakikutania kwa sauti kama vile uko ndani umejilaza. Umelala kule Ngombezi pembeni ya Mama, kama ulivyotaka. Shangazi alikaa nami mpaka arobaini ilipopita, sasa amerudi Magoma kuwahi palizi. Cherehani iko palepale. Mama Hatibu bado nguo yake anaitaka kesho. Chumba chako sijakigusa, na Manamba ndiye analala kitandani, upande wa miguuni, ulikomzoesha wewe.

Unakumbuka alivyokuja? Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, nawe una miezi miwili tu hapa Manundu tangu nilipokutoa Ngombezi kwa sababu ya kifua. Ulirudi mchana kutoka msikitini umelowa chapachapa, na ndani ya koti kuna kitu kinalia. Ulipokitoa kilienea kwenye kiganja. Nikakuambia, Baba, hapa ni kwa fundi nguo, paka na nguo za watu haviwezi kukaa nyumba moja. Ukasema huyu amekuja hana ndugu wala mzigo, sawasawa na babu yangu alivyoletwa mashambani kukata mkonge akaitwa manamba, basi naye ataitwa Manamba. Sasa ukishampa kiumbe jina la watu waliotuzaa, mimi namfukuzaje?

Alikuwa mtukutu, Baba, tusidanganyane. Aliuma vidole vyangu vya miguu kila nikikanyaga pedali. Alipanda pazia mpaka juu, kisha akalia ashushwe. Aliiba dagaa. Na wewe, uliyeamka alfajiri kwenda kiwandani miaka yote ile, hapa kwangu hukuwa na pa kwenda, ukamfanya yeye ndiyo zamu yako. Akikuuma mkono ulisema "ai!" mara moja tu, ukaficha mikono kwapani na kugeukia ukutani kama mtu asiyemfahamu. Alikuwa anaduwaa. Anazunguka, anakaa, anafikiri, kisha anakuja taratibu kukusukuma kiwiko kwa kichwa. Ulinikataza nisimchezee kwa vidole. Ulifunga kipande cha kitambaa changu kwenye uzi ukamwambia, huyu ndiye wa kumuuma, mkono ni wa kukulisha. Nilipokulalamikia habari ya dagaa uliniuliza nani aliacha sufuria wazi. Na alipoanza kuparura makochi na miguu ya meza, nikasema tutafute mtu amkate kucha zote, ulinitazama kwa mshangao kabisa.

"Kucha anazo," ulisema. "Azipeleke wapi?"

Nilikuwa nakasirika, Baba. Si kwa sababu ya makochi. Nilikuwa nakutazama kutoka kwenye cherehani, wewe na subira yako ile, na kuna kitu kinaniuma. Sikukijua ni nini mpaka siku ya kitenge.

Kilikuwa kitenge cha Mama Hatibu, cha sare ya harusi ya mwanawe. Nilikuwa nimeshakikata, nimekitundika kwenye kiti. Manamba akapanda mpaka juu, akateleza, akashuka nacho kwa kucha zote. Nyuzi zilichomoka mgongo mzima wa gauni. Nilichukua rula yangu ya mbao nikamchapa. Wewe ambaye kuinuka mkekani kulikuwa kazi, uliinuka upesi ukasimama kati yetu.

"Mwache, Zubeda. Ukimpiga atajifunza kukuogopa wewe tu."

Ndipo nikasema. Nilisema, mimi ulinichapa kwa kamba ya mkonge kwa ajili ya shati, leo paka unambembeleza.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikuwa bado tunakaa kwenye nyumba za kambi ya mkonge. Nilikata mkia wa shati lako jeupe la Idi nimshonee gauni mwanasesere wangu wa gunzi. Mkasi nilikuwa nao, hamu ya kushona nilikuwa nayo, kitambaa kingine hakikuwepo. Ulitoka zamu umechoka, ukaliona, ukachukua kamba iliyokuwa imelowa. Haijapata kutokea tena, hata siku moja. Miaka ikapita, ukaja kuninunulia cherehani hii hii ninayoshonea. Hukusema neno la shati, wala mimi sikusema. Tuliishi nalo zaidi ya miaka thelathini, halafu nikaja kulitupa usoni kwa mzee mwenye kifua kibovu, kwa ajili ya kitenge.

Ulikaa mkekani ukaitazama mikono yako. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijiona nimeshinda.

Kesho yake asubuhi ulinituma sokoni nikuletee kamba, ya mkonge, si ya plastiki. Niliileta nikaiangusha miguuni kwako, sikutaka kuishika muda mrefu. Ukaniomba na chaki yangu ya kuchorea nguo. Nikakupa, sikuuliza ya nini. Uliingia chini ya meza ya kukatia, ukaanza kuizungusha kamba kwenye mguu wa meza, toka chini kwenda juu, mzunguko umebana mwenzake. Ilikuchukua siku mbili kufika nusu, kwa sababu kila baada ya mizunguko michache ulipumzika kukohoa. Ukaisugua kwa dagaa. Manamba akaja, akanusa, akajinyoosha, akakita kucha zote na kuparura kwa raha zake. Ulicheka mpaka nikaogopa kifua chako.

Siku ya pili ile, ukiwa bado chini ya meza, ulisema bila kuinua uso:

"Kamba hii ina kazi nyingine, mama. Siku ile ya shati..."

Nikakanyaga pedali.

Baba, hapakuwa na nguo chini ya sindano. Nilikuwa nashona hewa. Nilijua unakoelekea na sikutaka ufike. Nilitaka ukae na maumivu yako kidogo, kama mimi nilivyokaa na yangu. Niliona midomo yako inacheza, nikazidisha mwendo. Nilipoacha ulikuwa umeshamaliza kusema, kama uliniambia mimi au uliuambia mguu wa meza, sijui. Ulichomeka ncha ya kamba, ukatoka chini ya meza kwa shida, ukasema utamalizia ukipata nguvu. Kamba iliyobaki ukaitundika msumarini. Nikajiambia nitakuuliza Ijumaa, hasira zikipoa. Alhamisi asubuhi nilikuletea uji nikakuta umeshaondoka.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapoona aibu.

Baada ya mazishi Manamba aliharibika. Alilia mlangoni kwako mchana kutwa. Aliuma miguu ya wafiwa. Alikojolea viatu vya watu waliokuja kutupa pole, na wewe unajua viatu vya msibani vinavyojaa mlangoni. Shangazi alisema huyu paka ana wazimu, nimtie kwenye kiroba aende naye Magoma akakamate panya wa mahindi. Nilimtetea. Nilisema atatulia. Kumbe sikuwa namtetea, nilikuwa namvumilia tu, na uvumilivu wangu unaujua ulivyo mfupi.

Siku moja nilimkuta ameshusha koti lako. Lile lile ulilomleta nalo. Ameliburuta sakafuni na anakwangua pale kifuani, anavuta bitana kwa kucha. Bado lilikuwa na harufu yako, Baba, ndicho kitu pekee kilichobaki na harufu yako. Nikanyoosha mkono nichukue chochote kilicho karibu. Kilichokuwa karibu ni ile kamba msumarini.

Nilimpiga. Mara moja, mgongoni. Hakukimbia. Alijibana sakafuni, masikio yamelala, akanitazama kutoka chini, akingoja ya pili. Ule mtazamo naujua. Niliwahi kuwa nao mimi, uwanjani mbele ya nyumba ya kambi, na gunzi langu mkononi.

Na nikajua kitu kingine, ambacho nisingekijua kwa njia nyingine yoyote. Nilijua jinsi wewe ulivyojisikia ulipoishusha. Umeshapiga, na hakuna namna ya kuurudisha mkono. Nikajua kwa nini ulinyamaza miaka yote ile.

Manamba akaingia chini ya meza. Hakutoka siku hiyo wala ya pili, chakula hakugusa. Shangazi akawa anafunga mizigo. Nikamwambia sawa, mchukue. Nilijiambia afadhali panya wa Magoma kuliko kukaa na mimi. Nikachukua kiroba, nikalala sakafuni nimvute mguu.

Ndipo nikaiona chaki yako.

Mstari wa buluu, upande wa ndani wa mguu wa meza, ambako mtu aliyesimama hawezi kuona. Haukuwa pale kamba ilipoishia. Ulikuwa juu, karibu na ubao wa meza. Nikalala pale nikiutazama, siuelewi. Siku ile unaweka alama, Manamba hata akisimama kwa miguu ya nyuma na kujinyoosha alikuwa hafiki nusu ya hapo. Hukumpimia yeye alivyokuwa. Ulimpimia paka mzima, wa mwaka kesho, ambaye ulijua wewe hutamwona. Na ncha ya kamba hukuifunga fundo, uliichomeka tu, ili mwingine aichomoe aendelee. Nilikuwa nimekuambia mara ngapi kwamba namfukuza? Hukuniamini hata mara moja. Nami ndiye huyo niliyelala na kiroba mkononi.

Nililia, Baba. Nilikuwa sijalia hivyo hata siku ya kukuzika, maana siku ile nilikuwa na kazi ya kupika na kuhesabu sahani za majirani. Nililia mpaka Shangazi akaja kuuliza kama nimeng'atwa. Aliondoka na kiroba chake kitupu, akinung'unika njia nzima mpaka stendi kwamba msiba umeniingia kichwani.

Kamba nimeimalizia. Ilinichukua siku tatu na vidole vyangu vimechubuka. Mizunguko yako imekaa sawasawa, yangu imepanda milima na kushuka mabonde. Mtu yeyote akiinama anaona ulipoishia wewe na nilipoanzia mimi. Mama Hatibu aliinama, akacheka, akasema bora nibaki na sindano.

Halafu nikakaa kwenye mkeka wako, mikono kwapani, uso ukutani. Nilikaa hivyo kila siku baada ya kazi, nikijiona mjinga. Siku ya kwanza hakuja. Ya pili alitoa kichwa. Siku ya tano nilihisi kitu kinanisukuma kiwiko. Sikugeuka, niliogopa ataondoka. Nilikaa nikitazama ukuta na kusema ahsante, ahsante, sijui nikimwambia nani.

Hajawa malaika. Jana ameniuma, nikasema "ai!" nikaficha mikono, akaja kuomba radhi kwa njia yake. Dagaa nafunika. Vitenge natundika juu. Leo asubuhi alijinyoosha kwenye kamba, akapita sehemu yako, akaingia yangu, bado vidole viwili afike kwenye chaki. Nilikuita, Baba. Kwa sauti kabisa, "Baba, njoo uone." Mteja aliyekuwepo aliinamisha uso.

Sasa niishie hapa. Nakuahidi kwamba hatatoka kwenye nyumba hii, na kwamba kamba haitashuka tena kwenye mgongo wa kiumbe chochote ninachokilea. Koti nimelishona bitana. Nimelitandika upande wa miguuni, alalie, ni lake kuliko langu. Akifika kwenye chaki nitakuja Ngombezi kukuambia wewe na Mama.

Limebaki lile moja. Sijui ulisema nini siku ile chini ya meza, na nitakufa sijui. Ila kama ulisema ninachodhani ulisema, basi yameisha, Baba. Yameisha kabisa. Na hili langu la pedali, nakuomba radhi yako.

Barazani hakuna mtu. Manamba amelala. Mguu nimeuondoa kwenye pedali, nasikiliza.

Mwanao,
Zubeda