Wanja na Chupa Namba Saba

Jumanne, 13 Januari 2026

Siku ya kwanza maabara. Nimesema maneno manne tu kutwa nzima: Shikamoo, Naam, Naam, Ahsante. Bi Nassra, mkuu wa pale, alisoma na mama. Kanichukua nisikae bure nikisubiri matokeo ya Form Four.

Kazi yangu ni tope. Limechimbwa kwenye njia ya meli bandarini, limejazwa chupa kumi na mbili, linanuka mayai viza. Nalianika, nalitwanga, nalichunga, napima nusu gramu. Mashine ndiyo inayosema mna sumu gani. Likiwa safi litafukia kiwanja cha chekechea — ya mtaani kwetu! Kila masika kile kiwanja ni ziwa. Ulfat, mdogo wangu, anasoma pale.

Kwa hiyo nsikosee. Nsikosee!

Alhamisi, 15 Januari 2026

Haitham, fundi wa mashine, kaniita Bi Kimya. Eti chupa zina maneno kuliko mimi. Glavu kubwa, zinanivuka. Mizani inahisi mpaka pumzi yangu — namba zinacheza nkishusha pumzi.

Chupa sita za mwanzo zote safi. Bi Nassra kasema, "Una mkono mzuri, mwanangu." Nimeandika nisisahau.

Jumatatu, 19 Januari 2026

Usingizi! Jana harusi ya Zuleikha, binti wa ami. Bibi kanikamata mlangoni: msichana gani anakwenda harusini na macho meupe kama samaki changu aliyechemshwa? Akanitia wanja wa manga, ule anaousaga mwenyewe. Asubuhi nimenawa, haukutoka wote. Macho yamewasha kutwa.

Nimetwanga namba saba mpaka kumi na mbili.

Jumatano, 21 Januari 2026

Namba saba ina sumu: madini ya risasi. Mara tano ya kiwango kinachoruhusiwa! Nyingine zote safi.

Haitham haoni ajabu: saba ilichotwa karibu na pale wanapokwangua rangi za vyombo vikuukuu vya baharini. Akaendelea, kwa mzaha wake, risasi iko kila pahala — rangi za zamani, betri, hata wanja wa bibi zetu.

Nikalitazama koti langu.

Nilipokuwa natwanga saba, glavu ya kulia ilinivuka. Nkafikicha jicho. Kidole kikatoka cheusi, nkakifuta kwenye koti, nkaendelea na kazi kwa kidole kilekile. Doa lipo mpaka leo.

Halafu akaja Bwana Msabah wa kampuni inayochimba, kafura. Saba imechafuliwa humuhumu ndani, alisema. Bi Nassra akamjibu, "Aliyelitwanga namwamini kuliko saini yako." Mimi niko nyuma ya friji. Wallahi nilitaka kuingia ndani yake.

Nikisema, watalitupa jibu la saba. Na kama sumu ni ya kweli? Ulfat atacheza juu yake. Nisiposema, Bi Nassra ananitetea kwa jambo asilolijua.

Alhamisi, 22 Januari 2026

Nshasema. Nimemwonesha Bi Nassra doa la wanja. Hakunigombeza — afadhali angenigombeza! Kaniuliza, "Kwa nini hukusema Jumatatu, mwanangu?" Nilikuwa naona haya, basi.

Kisha akauliza kama mabaki ya saba yapo. Yapo, nusu chupa, hayajaguswa. Haitham atayatwanga mwenyewe. Jibu kesho. Mpaka hapo tope lisitoke bandarini, alimwambia Bwana Msabah kwa simu, akamweleza na habari ya wanja. Nikasikia kicheko upande wa pili: Kumbe wanja! Basi mambo yamekwisha!

Hayajakwisha. Bi Nassra alirudia mara mbili, lakini simu ilikuwa imeshakatwa.

Ijumaa, 23 Januari 2026

Bi Nassra kanirejesha nyumbani kabla ya sala. Atanipigia mashine ikimaliza.

Saa tisa Ulfat kaja mbio, miguu ya kijivu mpaka magotini. "Dada, wametuletea mlima!"

Malori mawili ya tope la bandarini. Yashamwaga, yashaondoka.

Nimemwosha mara tatu. Kucha bado kijivu. Analia, anasema namparura. Nampigia Bi Nassra — hapokei.

Nikenda kiwanjani. Watoto kumi na mmoja juu ya lundo, wanateleza kwa makalio. Nikapiga kelele: Shukeni! Shukeni hapo! Hata mimi nilishtuka. Wakashuka. Madirisha yakafunguka. Bi Bashira wa dukani akatoka na upawa mkononi. "Huyu si yule asiyesema? Haya sema, mwanangu. Tope lina nini?"

Ningesema nini? Kwamba huenda ni sumu, na huenda ni wanja wa macho yangu?

Nimemwomba angoje. Nimekaa baraza ya chekechea, naandika. Watoto wamekaa ukutani na miguu yao ya kijivu, wananicheka chini chini. Hakuna aliyepanda tena. Bi Bashira yupo hapa, hajaondoka.

Simu inalia. Bi Nassra.