Honi ya Kilosa

Kidete, 2 Juni 2025

Mwanangu Verdiana,

Nina miaka themanini na moja. Nimezika mama yako, nimezika kaka zangu wote. Kampuni ya mkonge ilikufa mimi nipo, mafuriko yalibeba daraja mimi nipo, na mabwana stesheni waliokuwa wananifukuza relini sasa wanafukiwa mmoja mmoja, mimi nipo. Sijambo, magoti tu. Wewe na wajukuu hapo Mikumi hamjambo?

Barua yako nimeisoma mwenyewe, miwani sikuazima. Unasema unanihamishia kwako kwa sababu mwezi wa nne nilipitiliza shamba langu nikakutwa mbele huko, kwa hiyo kichwa kimeanza kuondoka. Sikatai, nilipitiliza. Nilikuwa nawaza.

Basi tufanye hivi. Napanda treni naenda Kilosa, peke yangu. Natembea kwa miguu: boma la Mjerumani, mtaa wa maduka ya Wahindi, mpaka kota za reli nilikozaliwa, halafu narudi stesheni. Simuulizi mtu njia. Nikipotea, njoo na gari ubebe kitanda changu. Nisipopotea, nitafia nyumbani kwangu na usinitajie tena Mikumi.

Nampa Ashrafu wa lori la mahindi akuletee. Simu siitaki, usitume.

Baba yako,
Yeremia


Mikumi, 6 Juni 2025

Baba, shikamoo.

Sisi wazima, hotelini wateja wapo. Baba, kwa nini umekuwa mbishi hivi? Watu wa umri wako wanapumzika, wewe unashindana na mji!

Haya, nenda. Lakini vaa kofia, ule kwanza, na ukirudi andika siku hiyohiyo. Halafu uniambie kweli tupu. Mimi sina haja ya kitanda chako, baba. Naogopa siku moja waje kuniambia umeokotwa.

Binti yako,
Verdiana


Mikumi, 19 Juni 2025

Baba, shikamoo.

Unaendeleaje? Siku zinapita, barua hakuna. Ashrafu amesikia kwa watu kwamba mzee wa Kidete alionekana mashambani, mbali na mji, amekaa chini karibu na uzio wa reli mpya. Ni wewe? Nimeshakodi gari. Jumamosi nakuja.

Verdiana, mwanao


Kidete, 24 Juni 2025

Mwanangu Verdiana,

Marahaba. Mimi mzima kuliko barua yako. Ulitaka kweli, shika kweli.

Boma nililiona bila kubabaika. Zile kuta nene Mjerumani alijenga kama anayehamia milele, na yuko wapi? Nikamwambia mlinzi hivyo, akasema, "Mzee, usiegemee." Maduka ya Wahindi nikayapita, milango ya mbao bado ipo, ndani wanauza vocha. Nilikuwa natembea kifua mbele, watu wananipisha.

Kwenda kota ndiyo vichochoro vikanizidi, wamejenga kila mahali. Sikuuliza. Sisi watoto wa gengi la reli, wale vibarua wa kutengeneza njia ya treni, tulifundishwa na baba zetu: ukipotea simama, ngoja honi, ifuate, nyumbani kuko hapo. Nikasimama. Honi ikalia, nikaifuata. Nyumba zikaisha, yakaja mashamba, na mwisho wake uzio wa waya na nguzo za zege. Kota hakuna, stesheni hakuna. Mwanangu, pale nikakaa chini. Nikasema Verdiana yuko sahihi, kichwa kimeondoka.

Akatokea mama mtu mzima na jembe, Raheli.

"Mwenzangu, wewe mtoto wa gengi?"

"Nani kakwambia?"

"Mnaletwa na honi. Marehemu mume wangu alikaa hapohapo ulipokaa, na viatu vya kanisani kama wewe. Hiyo ni treni ya umeme, baba. Ya kwenu inapita kule chini, na leo imechelewa."

"Kwa hiyo sijachanganyikiwa?"

"Umechanganyikiwa nini? Honi ndiyo imehama."

Nilicheka, Verdiana. Nilicheka mpaka kofia ikaanguka. Alitaka kunionyesha njia nikamkatalia, makubaliano ni makubaliano. Nikaangalia milima, nikaangalia jua, nikashuka. Yeye akafuata nyuma, jembe begani, ameziba mdomo asiniambie, maana nilimwapisha. Nikaifikia kota yetu. Ukuta umepasuka, kuna familia nyingine humo, wameanika nguo za mtoto. Nikashika ukuta. Stesheni nilifika mbele yake, nikamwekea nafasi kwenye benchi, nikamwelekeza kwangu Kidete.

Sikuandika kwa sababu sikujua kama huko ni kupotea au siyo, na nilikuwa naogopa jibu lako.

Ijumaa Raheli akaja na treni, akasema shahidi haongei kwa kutumwa. Akaniomba namba yako, akakupigia kwa simu yake. Nilikuwa pembeni namsikiliza anakueleza yote, hata la kukaa chini hakulificha. Halafu nikasikia sauti yako, "Basi mama, abaki kwake, gari nalirudisha." Nikatoka nje kama nina kazi huko. Nilikuwa sina kazi. Nilivuta hewa tu, nikaona shamba langu, nikaona ni zuri.

Njoo Jumamosi hii kwa basi, tule. Nitachinja jogoo.

Na wajukuu wakisema babu anatunga, wamuulize Raheli kule Kilosa, mlinzi wa boma aliyenikataza kuegemea, na Anselmi mkata tiketi, aliyeniona narudi peke yangu nimesimama wima.

Baba yako,
Yeremia