Mizizi Haikumuua Mama

Tassia, Embakasi

Mwende, dada yangu,

Mizizi uliyomchemshia mama haikumuua. Nililijua hilo hata kabla hajafa, na nimelificha hadi leo. Nimeliandika kabla ya salamu kwa sababu ukiutambua mwandiko wangu unaweza kuitia barua hii motoni, na nilitaka angalau mstari huo uwe umeusoma.

Sasa nikusalimu. Hujambo? Magoti yanasemaje? Mvua imefika Mbooni, au mnayatazama mawingu yakienda kunyesha kwa wengine? Simu zangu hupokei, wala sikulaumu. Mimi niko ghorofa ya nne, dirisha langu limekabana na dirisha la jengo la pili. Jirani akikata kitunguu, ni mimi ninayelia. Wifi yako Ruth ananilisha kwa kijiko. Miguu imevimba hadi viatu vyote nimevigawa.

Ni mwaka wa pili sasa nasafishwa damu kwa mashine, mara mbili kwa wiki. Wiki iliyopita mishipa ya mkono ilikataa. Wakatoboa shingoni, pakaoza. Daktari akamwita mwanangu kando, akidhani masikio yangu nayo yamekufa, akamwambia, "Mpeni mzee chochote anachotaka kula." Nimefanya kazi maabara maisha yangu yote, Mwende. Sentensi hiyo najua maana yake.

Kwenye kitanda kilichopakana na changu hospitalini alikuwa Halima, mama mmoja muuza vitambaa kwa jumla kule Eastleigh. Kila tukipimwa uzito ili wajue tumebeba maji kiasi gani, alikuwa akinichokoza. "Mzee Mutua, umekunywa mto gani leo? Tassia nzima itakosa maji kwa ajili yako!" Kijana muuguzi naye, "Buda, tulia, nisikudunge vibaya." Siku moja Halima akaniuliza, "Wewe msomi wa mkojo, umeshindwaje kulinda figo mbili tu?" Nikamjibu kwamba ni ugonjwa wa kwetu, hata mama alikufa nao, ila yeye alimalizwa na dada yangu aliyempa mizizi wiki tatu.

Akageuza kichwa, akanitazama. "Wiki tatu? Wallahi, mimi nauza vitambaa, si daktari. Lakini hata kitambaa kibovu hakichaniki kwa siku moja. Mwambie mwingine hiyo."

Halima alikufa Alhamisi, na saa nne asubuhi hiyohiyo kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine.

Nikueleze basi kilichomuua mama, maana wewe hukuelezwa kitu, ulihukumiwa tu. Alipokuja kukaa nami mtaa wa Fedha, alikuwa mwanamke wa jembe. Nikamketisha. Nikampa chai ya vijiko vinne vya sukari, mkate mweupe, chipsi jioni, soda kila mgeni akiingia, ili watu waone jinsi mwana aliyesoma anavyomtunza mamake. Akanenepa, nikasifiwa. Mwili unaobebeshwa chakula kuliko kazi yake huingia katika taabu ya ndani isiyopiga kelele. Sukari inabaki kwenye damu. Kongosho linamwaga insulini zaidi na zaidi ili kuiondoa, na insulini hiyo nyingi inaziambia figo zishike chumvi. Chumvi inashika maji, maji yanaijaza mishipa, mafuta ya tumbo yanaikaza, na presha inapanda. Figo ni vichujio, vyembamba mno kuliko kile chako cha chai. Damu ikivipiga kwa nguvu mchana na usiku, na sukari ikivikwangua, vinatoboka. Protini ya mwili inatoka na mkojo, ndilo lile povu lisiloisha. Kisha figo iliyojeruhiwa, ikidhani damu haiifikii vizuri, inatoa kemikali ya kuipandisha presha zaidi. Presha inaiumiza figo, figo inaipandisha presha, na mgonjwa hasikii maumivu yoyote. Inachukua miaka. Nilikuwa nikiwafundisha hayo vijana waliokuja kujifunza kazi kwangu, kwa chaki, ubaoni.

Na wewe una tumbo lile lile la mama. Nenda ukapimwe presha, sukari na mkojo. Usingoje kuumwa.

Nirudi Fedha. Daktari alimwandikia mama vidonge viwili: kimoja cha sukari, kingine cha presha, cha aina ile inayoyatoa maji mwilini. Kwa kuwa hakujua kusoma, ni mimi niliyemwekea kiganjani kila asubuhi. Presha ilishuka vizuri. Lakini kile cha maji kilimkimbiza chooni, na kwa magoti yale hakufika kila mara.

Jumapili moja wazee wa kanisa walikuja nyumbani. Nilikuwa nimetoka kununua viti vipya vya sebuleni. Mama alikuwa katikati yao, ameshika kikombe, akasema kwa ile sauti yake ya kuita ng'ambo ya bonde, "Mutua, mwanangu, nimeloa."

Mama mmoja wa kamati akainua mkoba wake kutoka kitini. Mzee mmoja akajaribu kuyapoza mambo, "Kumbe Fedha imenyesha?" Mama ndiye aliyecheka kuliko wote. "Huku kwenu mvua inaanzia chini!"

Walicheka mpaka wakapangusa macho. Mimi sikucheka. Walipoondoka nilimwambia mama kwamba wanangu waliacha mchezo huo wakiwa na miaka miwili. Hakunijibu kama mama. Aliniomba msamaha, akauliza kitambaa kiko wapi apanguse. Nikampa, nikasimama juu yake, nikamtazama akipangusa akiwa amepiga magoti.

Hakulowesha kiti changu tena. Jambo hilo nitalimaliza chini.

Kila Jumapili baada ya hapo nilimfunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, nikaona namba zinapanda, nikamwambia, "Uko sawa, mama." Akawa akijigamba kwa majirani kwamba mwanawe ni daktari wa nyumbani. Mwaka wa pili miguu ilipoanza kuvimba, nilichukua mkojo wake na damu nikaenda navyo maabara Mowlem, siku ambayo tumefunga. Sikuandika jina lake kitabuni. Kijiti cha mkojo kiligeuka kijani kibichi, dalili ya protini nyingi. Kreatinini, ule uchafu ambao figo nzima huutoa, niliipima mara tatu nikiomba mashine iwe imeharibika. Haikuwa imeharibika. Figo za mama yetu zilikuwa zimekwisha, Mwende, na wewe ulikuwa bado hujachemsha hata jani.

"Wamesema nini?" akaniuliza nilipofika.

"Uchovu wa mji tu, mama."

"Basi nipeleke kwa Mwende. Yeye ataniogesha."

Sikumpeleka hospitali. Hospitali wangeuliza maswali, na majibu nilikuwa nayo mimi. Nilimleta kwako. Nilikukabidhi mtu aliyekuwa anakufa nikakuambia apumzike, ale vizuri. Aliomba mizizi ya utotoni mwake, ukaenda kuichimba, na ulifanya hivyo kwa upendo, ukiwa gizani. Giza hilo nililiwasha mimi kama mtu anavyowasha taa.

Siku ya mazishi nilishika kipaza sauti. Unakumbuka nilichosema, kwa hiyo sitakirudia. Unakumbuka pia kwamba kaka yetu Kioko alikunyang'anya ule udongo uliokuwa mkononi mwako kabla hujautupa kaburini, na mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako. Ulinitazama mimi, si yeye. Ulijua kwamba neno langu moja lingekurudishia udongo wako. Niliyaangalia maua.

Sasa sikiliza ninachokuomba. Barua hii isomwe yote, kwa kipaza sauti, siku yangu, kabla sanduku halijashuka. Aisome Kioko mwenyewe. Mwanangu ana nakala, ili usilazimike kuitoa wewe, wala wao wasiseme umeitunga. Kama watakataa kuisoma, ondoka uende zako, wala usinitupie udongo. Na hata wakiisoma, usinitupie kama mkono hautaki. Sikuombi unisamehe. Mtu anayeomba msamaha akiwa kitandani, huku akijua hatakuwepo kusikia jibu, anajifanyia biashara nyepesi.

Nisalimie kaka yetu Kioko, mkubwa wa boma sasa, na umwambie alikunyang'anya udongo kwa kosa langu, lakini mkono ulikuwa wake. Nisalimie shangazi Syokau, dadake baba, wa pekee aliyeendelea kula chakula chako. Nisalimie binti yako Mumbua, aliyekua akiitwa mtoto wa mchawi huku mjomba wake akimtumia kadi za sikukuu. Ruth anakusalimu. Anajua sehemu tu ya haya. Mengine atayasikia pamoja na wengine.

Umeuliza, najua, kwa nini presha ya mama ilipanda tena wakati dawa alikuwa akimeza kila siku. Umekuwa na haki ya kuuliza tangu ukurasa wa kwanza.

Jumatatu ile baada ya wageni, nilikiondoa kile kidonge cha presha. Nikaweka kidonge cha vitamini mahali pake, cha rangi ile ile ya manjano, na nikampa hivyo miaka miwili, kila asubuhi, kwa maji ya uvuguvugu. Alinishukuru kwa kumpatia dawa mpya isiyomsumbua. Mimi Mutua, kaka yako, ninayeandika haya kwa mkono wangu na akili yangu timamu, ndiye niliyemuua mama, ili kiti kisilowe.