Mawe Yaliyoachwa Kwenye Kona

Jumatatu, 10 Machi 2025. Kanja.

Miaka thelathini na minane nje ya hapa. Nyaga alisema arobaini nikamkatalia. Miaka ya mtu isiongezwe.

Chai, kisha shambani. Tunasafisha kipande cha chini, karibu na kijito, ambacho Nyaga amenigawia nijenge. Nyaga ni mwana wa marehemu ndugu yangu, yule yule aliyenifukuza hapa kwa panga baada ya kesi ya shamba. Baba alininyang'anya, mwana ananirudishia. Alinipigia simu Meru mara nne kabla sijakubali. Sijui niseme nini juu ya hilo. Nalima tu. Mgongo unauma.

"Baba mkubwa," akaniambia leo, "Meru walikufundisha kula miraa, jembe wakakusahaulisha." Sijawahi kutafuna miraa. Anajua. Mkewe Wawira alicheka mpaka akaweka kikapu chini. Wanacheka pia Kiembu changu. Kumbe kimejaa Kimeru. Kule naitwa Mwembu, hapa naitwa Mmeru.

Nimeshapima msingi kwa kamba. Vyumba viwili na kibaraza. Dirisha la mashariki, la kusomea.

Jumatano, 12 Machi

Lori la mbao limeharibikia kwenye kona ya chini ya soko tangu jana. Wenye lori wamefanya kama wafanyavyo wote katika barabara zetu. Matawi mabichi yametandazwa kwenye lami kuonya magari, mawe makubwa yamewekwa nyuma ya magurudumu lisirudi nyuma. Ile pembetatu nyekundu inayotakiwa na sheria sikuiona. Fundi yuko chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana.

Kila asubuhi Nyaga anateremka kona hiyo na maziwa, yake na ya majirani, kwenda kituo cha kuuzia. Baiskeli kuukuu, nyeusi, ilikuwa ya baba yake. Breki ya mbele haipo. Nilimwambia aitengeneze.

"Breki ni hii," akasema, akainua mguu wa kulia wenye ndara ya tairi. Kwenye mteremko anakanyaga gurudumu la nyuma kwa soli. Waendesha baiskeli wengi hapa wanafanya hivyo. Nilimwambia hiyo si breki, ni maombi. Alicheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika kwa utaratibu, kwa maana najua nitaulizwa.

Lori liliondoka kabla hakujakucha. Matawi waliyaacha. Mawe waliyaacha. Matatu, moja kubwa kama kichwa cha ng'ombe, upande wa kushoto kwa anayeteremka. Nilikuwa juu ya kona, nikienda dukani kununua misumari. Nyaga alinipita akipiga kengele. "Baba mkubwa, kando! Wazee wakae kando!" Mitungi miwili ya maziwa nyuma yake. Akaingia konani, na hapo ndipo mimi pia nilipoyaona mawe.

Aliweka mguu kwenye gurudumu. Haikutosha. Akalikwepa jiwe kuelekea katikati. Pikapu ya muguka, majani ya kutafuna kama miraa, ilikuwa inapanda, kwa mwendo wa wale wanaokimbiza majani sokoni kabla hayajanyauka. Ilikuwa imekata kona.

Sauti ya kugongana sitaiandika.

Nilimkuta kwenye mtaro. Maziwa yalikuwa yanateremka barabarani, meupe, kisha si meupe. Mguu wa kulia, chini ya goti, haukuwa tena na umbo la mguu. Alikuwa anapumua. Macho wazi. Alisema, "Maziwa." Neno hilo tu.

Watu walikuja. Simu ziliinuliwa. Wengine, kwa wema kabisa, walivunja matawi mapya wakayatandaza juu na chini ya kona. Magari yalipunguza mwendo, yakatazama, yakapita. Nilisimama katikati ya lami na mikono juu. Mzee wa miaka sabini na minne. Dereva mmoja aliteremsha kioo. "Mzee, pole sana. Lakini akifia humu ndani, gari litalala polisi, na mimi nilale nalo." Hakuwa mtu mbaya. Ndiyo uchungu wenyewe. Wa pili alisema viti vyake ni vipya. Huyo nilimtukana kwa Kimeru.

Hakuna aliyejua kufunga mguu. Umati mzima, hakuna. Niliomba kamba kwa mama anayeuza ndizi, nikafunga juu ya goti kama nilivyowahi kusoma kitabuni, bila uhakika wowote. Dereva wa pikapu alikuwa amekaa kwenye nyasi, mikono kichwani, akirudia, "Alitokea tu. Alitokea tu." Wawira alifika akikimbia peku.

Mwishowe lori la majani chai lilisimama. Tulimlaza juu ya magunia. Dereva hakuuliza chochote. Sikumuuliza jina. Hilo linanisumbua.

Ijumaa, 14 Machi. Embu mjini.

Nimelala kwenye benchi la hospitali. Mguu wameukata. Daktari alieleza vizuri, polepole, akitutazama usoni. Ilikuwa mguu au mtu. Wawira aliniuliza, kama ningekuwa yeye, ningekubali? Nilisema ndiyo. Akakubali. Kisha hakusema nami mpaka jioni.

Wanataka damu. Vijana wa ukoo walikuja, baadhi wakakubaliwa. Mimi pia nilikunja mkono wa shati. Nesi akanirudisha. "Guka," akaniita, yaani babu, "hiyo baki nayo. Utaihitaji." Foleni nzima ilicheka. Nilikaa chini. Sijawahi kujiona mtu asiye na faida kama leo.

Jumapili, 16 Machi

Ameamka! Amekunywa uji vijiko kadhaa. Aliuliza nani anapeleka maziwa. Kisha akaangalia mahali ambapo mguu ulikuwa.

"Baba mkubwa," akasema, "breki imeenda."

Wawira alitoka nje. Mimi nilicheka, Mungu anisamehe, na yeye akacheka, na machozi yakamtoka pembeni mpaka masikioni. Nilimfuta kwa kofia yangu. Ataishi. Mguu wa bandia upo, nimeona watu wakitembea nao na kulima nao. Nimemwambia hivyo. Amesema ni sawa, lakini nyumba yangu nijenge upesi, asije akapata kisingizio cha kutobeba mawe ya msingi.

Jumanne, 18 Machi. Kanja.

Nimeandikisha ushahidi kituoni. Walitaka kujua nilichoona. Nilisema mambo matatu. Mawe yaliachwa. Pikapu ilikata kona. Nyaga hakuwa na breki ya mbele. Afisa aliinua kichwa kwenye hilo la tatu.

Wawira amesikia. Alinisubiri mlangoni. "Baba, hilo la breki lilikuwa la kusema?"

Nilimwambia nikificha moja, hayo mawili mengine hayataaminiwa. Ni kweli. Hata hivyo leo nalala bila kula. Yeye ndiye mwenye mume kitandani, mimi nina ukweli tu.

Nilipita konani. Matawi yale ya siku ya ajali bado yamelala kwenye lami, yamekauka, na mawe yako palepale. Siku tano! Bodaboda moja iliteleza juu ya majani nikiangalia, mama na mtoto nyuma. Hawakuanguka. Niliingia barabarani nikaanza kuyaondoa. Mwanamume mmoja akanipigia kelele kutoka dukani.

"Mzee, acha! Hayo si ni ya polisi? Utashikwa!"

Kumbe ndiyo sababu. Kwanza hayakuguswa kwa kuwa ni ya wenye lori. Sasa hayaguswi kwa kuwa ni ya serikali. Nilimwambia aje anishike yeye. Akaja, akasimama, akakuna kichwa, akanisaidia kuviringisha lile kubwa mpaka mtaroni. Tulikuwa tunahema kama ng'ombe wa jembe.

Alhamisi, 20 Machi

Homa. Kidonda kimeingia sumu, wamebadilisha dawa. Wawira yuko huko. Mimi nakamua. Ng'ombe hanitaki, alipiga ndoo teke.

Nilikwenda kwa chifu kuomba matuta kwenye kona, na kibao. Alinisikiliza kwa heshima. Alisema barabara ina mwenyewe, lakini wa kaunti wanasema ni ya wakubwa wa Nairobi, na wa Nairobi wanasema ni ya kaunti. Ameniambia tukusanye watu, tuseme kwa sauti moja. Nilimuuliza ni watu wangapi waanguke ndiyo iwe sauti moja. Nilijuta. Alinimiminia chai.

Jumamosi, 22 Machi. Embu.

Hajui watu. Aliniita kwa jina la baba yake. Akaniomba nimwachie Baba mkubwa kipande cha chini, nisimfukuze tena. Nilisema sawa. Nilisema sitamfukuza. Nimeketi hapa nikiwa ndugu yangu, nikimwahidi mwanawe kile ambacho ndugu yangu hakuwahi kukisema.

Mwache, Mungu. Nichukue mimi. Nimesoma vya kutosha, nimekula vya kutosha, hakuna anayeningojea. Yeye ana binti wawili na ng'ombe. Hesabu hii ni rahisi. Mwache.

Jumatatu, 24 Machi

Nyaga amefariki. Alfajiri.

Alhamisi, 27 Machi. Kanja.

Tumemzika. Mvua ilianza kaburi likiwa nusu, vijana wakafukia matope.

Kila aliyesimama kuongea alisema ni kazi ya Mungu. Wa kwanza nilinyamaza. Wa pili nilinyamaza. Mzee wa kanisa aliposema tena, nilisimama bila kupewa nafasi. Nikasema Mungu hakuendesha lori la mbao. Hakuacha mawe. Hakukata kona. Na hata ile breki, si yeye aliyemkataza Nyaga kuinunua. Tulifanya sisi, kila mtu kidogo kidogo, na tutafanya tena kesho asubuhi.

Kisha wakaanzisha wimbo. Nyuma yangu mtu alisema kwa Kiembu, "Huyo Mmeru ana nini?"

Vijana walitoka makaburini moja kwa moja hadi konani na majembe na mikokoteni. Walijenga tuta la udongo kwa hasira, wakiimba. Pikapu mbili zilisimamishwa na madereva wakashushwa, wakapigishwa magoti. Hilo sikulipenda. Lakini tuta nililipenda.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua usiku kucha. Tuta halipo. Udongo umeenea kwenye lami nzima na sasa kona inateleza kuliko mwanzo. Nilisimama pale na mwavuli wa Wawira, nikajisikia nimefika mwisho wa akili yangu. Hatuna hata tuta. Damu yote ile, hata tuta hatuna.

Nilichukua koleo nikakwangua matope mpaka mchana. Yule wa dukani alikuja na lake. Jina lake ni Ireri. Ameahidi kuweka pipa lililopakwa rangi nyeupe pale juu, magari yalione. Ni mtu mmoja na pipa moja. Nimeandika.

Jumatano, 2 Aprili

Wawira anapeleka maziwa kwa miguu, mtungi mgongoni kwa kamba ya kichwani. Huo mmoja ndio anaouweza. Majirani wamempa mtu mwingine maziwa yao, na sisemi wamekosa, ng'ombe hasubiri.

Jana aliniambia, bila mimi kuuliza, "Baba, kipande chako kipo. Nyaga alisema, na mimi nasema." Alikuwa anaangalia pembeni. Nadhani ilimgharimu.

Leo nilitembea shamba lote, kona kwa kona. La juu limechoka, mawe matupu. Kipande cha chini ndicho chenye udongo, ndicho chenye maji. Nyaga alinigawia kizuri zaidi kwa sababu alikuwa na baiskeli, na baiskeli ilikuwa inalisha nyumba. Sasa hakuna baiskeli.

Nilivuta vigingi vya msingi kimoja kimoja. Vilitoka kwa urahisi, ardhi imelowa. Kisha nikawaita Wawira na wasichana, tukapanda mahindi na maharagwe pale, mstari kwa mstari, mpaka giza. Alielewa bila kuambiwa. Alibishana kidogo, nikamwambia mimi ni baba, asibishane. Msichana mdogo aliuliza nyumba ya Guka itajengwa wapi sasa. Mama yake alimwambia akachote maji.

Jumamosi, 12 Aprili. Meru.

Chumba changu. Mwenye nyumba hakuwa amempa mtu mwingine. Nimefuta vumbi kwenye vitabu. Nje Wameru wanapiga kelele za soko, na nimetambua kwamba nazielewa zote.

Wawira amepiga simu. Mahindi yameota, mistari imenyooka ila ule wangu. Amecheka kidogo. Mara ya kwanza tangu mazishi. Pipa la Ireri lipo. Usiku mmoja liligongwa na gari, akaliinua. Matuta bado.

Nikiitwa mahakamani nitakwenda Embu, nitasema mambo yale yale matatu, nitapanda gari la jioni.

Kanja sitarudi.