Hata Thobias

Msamvu, Morogoro
Aprili 1993

Kwa Baba yangu, Katekista Athanas, Matombo.

Shikamoo Baba. Tumsifu Yesu Kristo. Itikia hukohuko uliko, nami nitahesabu nimesikia. Natumaini goti linakuacha ulale, na kifua cha Mama hakimsumbui na baridi hii ya masika. Barua hii anaileta Anselmi wa ndizi. Mpe chakula, maana nimemwomba asiondoke mpaka uisome yote.

Mimi mwanao biashara imenipenda. Tangu serikali ilegeze kamba, marobota ya mitumba yanashuka kila wiki, na pale sokoni Thobias ni jina la kuulizwa. Wakubwa wenye tai wanachagua suruali kwangu, wakifika ofisini wanasema wametumiwa na shemeji aliyeko Ulaya. Nami nina koti la ngozi, Baba, nikipita nalo hata askari wa barabarani anasimama wima, hajui kama anisimamishe au anipigie saluti.

Lakini najua siyo unachotaka kusikia. Jumapili mlitungoja kanisani kwa ubatizo, na hatukufika. Anselmi ameniambia uliwaeleza watu kwamba Thobias ama amekwama kilabuni, ama bado amenuna kwa ajili ya lile jina. Ni kweli tuligombana. Wewe ulitaka mtoto aitwe Athanas, jina lako. Mimi nikataka Dola, kwa kuwa siku hizi ni jina linaloheshimiwa kuliko yote. Ulisema mbinguni hakuna mtakatifu Dola, nikakujibu ni kwa sababu bado hajafa. Ulikasirika, lakini niliona mabega yako yakicheka.

Sikununa, Baba. Jumamosi tulipanda lori la Mwinshehe, yule dereva wa Mkuyuni. Mimi, Jesca na mtoto tulikaa mbele. Nyuma kulikuwa na kreti za bia na soda, zote zangu, maana nilitaka Matombo nzima ijue kwamba mjukuu wa katekista anabatizwa. Mtoto alitoka nyumbani mzima, anavuta ndevu zangu. Tulipopita Mkuyuni mvua ikatukamata, na lori likazama kwenye tope hadi tumboni. Tukashuka kuchimba. Jesca akaniita, akasema mtoto anachemka na ameacha kunyonya. Gari jingine halikupita. Tulizidi kuchimba, lori likazidi kukaa. Mtoto kila alipovuta pumzi mbavu zilibonyea, na baadaye macho yakaanza kwenda juu.

Mwinshehe alimtazama, akanivuta pembeni. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye amezika wawili, anaijua hali ile, na kama dini yetu ina jambo la kumfanyia mtoto, basi tulifanye sasa.

Hapo nikakumbuka darasa lako la mafundisho. Uliuliza nani anaweza kubatiza saa ya hatari, kama padre hayupo. Ukatufundisha kwamba ni mtu yeyote, mradi atumie maji ya kweli, aseme maneno yenyewe, na anuie linalonuiwa na Kanisa. Nikasimama, mchekeshaji wako, nikauliza itakuwaje kama maji hakuna, kuna bia tu. Darasa likaanguka kwa kicheko. Ulinichapa, kisha ukasema saa hiyo hata Mwislamu anaweza, hata mpagani, hata Thobias. Wakacheka zaidi. Likawa jina langu, Hata Thobias, mpaka nikaacha mafundisho bila kumaliza.

Baba, nyuma yangu kulikuwa na bia na soda za kutosha kumwogesha askofu, na lile swali likanirudia. Nilikinga mikono kwenye mvua. Ya kwanza yote yalimwagika kati ya vidole. Nikakinga tena. Mwinshehe aliushika mlango upepo usiubamize, akainamisha kichwa. Nilimimina mara tatu, maji yakatiririka kichwani hadi kwenye kanga ya Jesca, nikasema ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Jina la mtoto nililitaja mwanzo. Dola halikuja mdomoni. Nilisema Athanas.

Alituacha kabla lori halijachomoka. Lilipochomoka, Mwinshehe aliligeuza kuelekea mjini bila kuuliza. Tulimzika hapa mjini, makaburi ya Kola. Soda zilinywewa na waombolezaji. Jesca haongei, maziwa yanamlowesha, anabadilisha kanga, anarudi kukaa palepale.

Habari inaweza kupanda mlima kabla ya Anselmi. Mtu akija kulia uani kwako kwamba Athanas amezikwa Morogoro, mketishe, umwambie siyo wewe, ni somo wako.

Padre wa hapa aliniuliza nilivyofanya, nikamweleza, akasema inatosha, akamzika Kikristo. Lakini padre hanijui. Wewe unanijua. Nimekueleza maji, maneno na nia, kama ulivyokuwa ukitutahini. Mpe Anselmi neno moja aniletee: sahihi, au si sahihi. Usinionee huruma katika hili, kwa sababu anayehusika siyo mimi.

Mama mwambie taratibu, akiwa amekaa. Jesca anawasalimu, nimesema kwa niaba yake. Ndizi alizokata kwa ajili ya sherehe awape majirani, zisiozee ndani. Mungu awatunze.

Ni mimi mwanao,
Hata Thobias